Mitalawanda, maziwa na mwezi mpevu: Mhindu anamwinamia nani siku ya mwalimu?

Swali

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa, huu mwaka wa saba. Tajiri wangu ni Mhindu, mzee wa Kigujarati mwenye wajukuu, na dukani hakuna anayemtikisa. Julai iliyopita alinialika hekaluni kwao siku ya mwezi mpevu. Nikamwona amepiga magoti mbele ya viatu vya mbao vilivyowekwa kwenye sinia, anavimwagia maji na maziwa, anavipaka kitu kama liwa, kisha anavigusa kwa paji la uso. Nilipomuuliza alinijibu tu, "Leo siku ya mwalimu." Mwalimu gani anafanyiwa hivyo? Kwa nini viatu? Mwezi unaingiaje hapo? Na mimi Mwislamu, nikialikwa tena niende au nitafute udhuru?

Jibu

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hivyo viatu, kwa sababu naona ndivyo vilivyokukosesha usingizi.

Wenyewe wanaviita paduka. Ni mitalawanda hasa, ile ile waliyovaa bibi zetu uani: kipande cha mbao na msuruaki wa kubana kwa vidole. Na kile kitu kama liwa ni liwa kweli, sandali iliyosagwa juu ya jiwe kwa maji. Viatu vinaoshwa kwa sababu mwenye miguu hayupo. Pengine amefariki miaka mingi, pengine yuko India, pengine ni mwalimu wa mwalimu ambaye tajiri wako hakuwahi kumwona. Angekuwepo, ingeoshwa miguu yake.

Desturi ya kuheshimu viatu badala ya mtu ni ya zamani sana. Katika Ramayana, utenzi wao mkuu wa kale, mwana wa mfalme Rama anapopelekwa uhamishoni msituni miaka 14, mdogo wake Bharata anakataa kukikalia kiti cha ufalme ambacho mama yake amempigania. Anamfuata kaka yake msituni, anamwomba arudi, Rama hakubali. Basi Bharata anaomba mitalawanda yake, anaibeba kichwani, anaiweka juu ya kiti cha enzi, na yeye anatawala kwa niaba ya hivyo viatu mpaka mwenyewe aliporudi. Mhindu amelelewa na kisa hiki. Akiona jozi ya paduka kwenye sinia haoni ngozi wala mbao, anaona mamlaka ambayo mwenyewe aliyeiweka hakuidai iwe yake.

Sasa, siku yenyewe. Inaitwa Guru Purnima. Guru ni mwalimu, purnima ni mwezi mpevu, na hii ni purnima ya mwezi wa Ashadha, ambayo kwa kawaida inaangukia Julai: mwaka 2024 ilikuwa tarehe 21, mwaka 2025 tarehe 10. Wewe Mwislamu umezoea kalenda ya mwezi, kwa hiyo utaelewa upesi. Tofauti ni kwamba wao, takriban kila baada ya miaka mitatu, huongeza mwezi wa 13 ili kulifikia jua, ndiyo maana sikukuu zao hazizunguki mwaka mzima kama Ramadhani.

Jina la pili la siku hiyo ni Vyasa Purnima, na hapo ndipo tunapompata "mwalimu gani" wako. Kwa mapokeo yao, Vyasa ndiye aliyezipanga Veda, maandiko yao matakatifu ya kale kabisa, katika mafungu manne na kumkabidhi kila mwanafunzi fungu lake: Paila akapewa Rig, Vaishampayana akapewa Yajur, Jaimini akapewa Sama, Sumantu akapewa Atharva. Mahabharata, utenzi wao mwingine mkuu, nayo inahesabiwa kuwa yake, na Purana 18, vitabu vya visa vya miungu. Mama yake, Satyavati, alilelewa na wavuvi na kuvusha watu mto Yamuna kwa mtumbwi. Mtoto alizaliwa kisiwani, na jina lake la Dvaipayana lina maana ya mtu wa kisiwa. Napenda kuwakumbusha watu wa pwani jambo hilo. Mwalimu mkuu wa Wahindu ni mjukuu wa mvuvi.

Lakini ukidhani Vyasa ndiye mwisho wa hesabu utakuwa umeona nusu. Nenda uone ibada hiyo inavyofanywa na watawa wa mkondo wa Shankara, mwanafalsafa wa kale wa Kihindi, kule India Kusini. Wanatandika kitambaa, wanamwaga mchele uliochaguliwa usiwe na punje iliyovunjika, na juu yake wanapanga ndimu. Kila ndimu ni mwalimu. Kuna watano wa fungu la mungu Krishna. Kuna watano wa fungu la Vyasa, yaani yeye na wale wanafunzi wanne niliowataja. Kuna watano wa Shankara na wanafunzi wake wanne. Wanaitwa mmoja mmoja kwa jina, wanapewa maji, maua, ubani na taa. Ukisimama pembeni unaona kitu ambacho kwenye picha za maguru wenye ndevu na mashada ya maua hukioni: wanaoheshimiwa ni ukoo mzima, na mtu aliyeketi mbele yako akipokea maua ni ndimu ya mwisho tu kwenye mstari.

Wao wanauita mnyororo huo parampara. Anayejua isnadi ya hadithi, fulani kasikia kwa fulani aliyesikia kwa fulani, hana haja ya maelezo marefu. Elimu isiyo na mnyororo inatiliwa shaka hata ikiwa tamu.

Nyuma ya mnyororo kuna deni. Maandiko ya Veda yanasema mtu huzaliwa na madeni matatu: la miungu, la mababu, na la wahenga walioziona Veda. La miungu hulipwa kwa sadaka, la mababu hulipwa kwa kuzaa. La wahenga halilipwi kwa mali. Hulipwa kwa kusoma, na waliokuja baadaye wakaongeza, kwa kufundisha. Ndiyo kusema tajiri wako alipopiga magoti alikuwa anakiri deni mbele za watu. Mfanyabiashara huyo, ambaye najua kwenye daftari lako hapendi kuona deni hata la misumari.

Nilisoma Pune, India, kama Watanzania na Wakenya wengi waliopita mji ule. Wenzangu walikwenda kusoma biashara na famasia, mimi nikachukua Kisanskriti, na jioni nilikuwa nakwenda kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekaa ghorofa ya pili kwenye jengo lililovuja. Mvua ya Julai kule haikati. Nguo ukianika Jumatatu unazianua Alhamisi zikiwa bado mbichi. Asubuhi ya Guru Purnima nilikuta ngazi zimejaa viatu. Ndani, mhandisi wa kama miaka 50, ambaye gari lake kubwa nilikuwa nimelikwepa chini kwenye tope, amekaa sakafuni na soksi zimelowa. Akaweka mbele ya mzee nazi, maua na bahasha yenye rupia 101. Ile moja ya juu ni desturi: zawadi haifungwi kwa namba kamili, inaachwa na mwanzo wa nyingine. Akainama, akagusa miguu ya mzee, akapeleka vidole kichwani pake.

Mzee hakuiweka ile nazi kando yake. Alisimama kwa taabu, magoti yalikuwa yanamsumbua, akaenda ukutani ambako kulikuwa na picha ya mwalimu wake mwenyewe, imepakwa nukta ya sandali kwenye kioo, akaiweka nazi chini ya picha. Kila aliyekuja, nazi ilipita mkononi mwake ikaishia pale. Zamu yangu ilipofika nikamuuliza, nami niguse? Mimi sikuwa Mhindu na sikujua mpaka wangu uko wapi. Akasema, "Wewe nisomee ulichojifunza jana." Nikasoma beti nne, nikakosea ya tatu. Akanirudisha mwanzo. Hiyo ndiyo ikawa heshima yangu, na sijapata kuambiwa na mtu yeyote kwamba ilikuwa pungufu.

Turudi kwenye mwezi. Sababu ya kwanza haina fumbo: ni mvua. Ashadha ndio mwezi masika ya India yanaposhika. Upepo wetu wa kusi, unaovuma huko Mombasa Julai na kuwafanya wavuvi wakae ufukoni kusuka nyavu, ukivuka ikweta unapinda kuelekea India na kuwa ndio unaowamwagia maji. Zamani za majahazi, bandari za magharibi ya India zilifungwa miezi hiyo kwa ukali wa bahari. Na watawa, ambao kanuni yao ni kutokaa mahali pamoja, nao walisimama. Njia hazipitiki, na ardhi imejaa wadudu na vijimea ambavyo mtu aliyekula kiapo cha kutodhuru hawezi kukanyaga. Kwa hiyo wanatua mahali kwa msimu unaoitwa chaturmasya, miezi minne, na siku wanayoufungua kwa ibada ya Vyasa ndiyo hii. Yule ambaye mwaka mzima alikuwa anapita tu, sasa kijiji kina yeye. Ukiwa na swali, huu ndio wakati. Mabudha nao wanauadhimisha mwezi mpevu huo huo kama siku Buddha alipowafundisha wenzake watano kule Sarnath, nao kwao msimu wa mvua ni msimu wa watawa kutulia.

Sababu ya pili ndiyo ya kiroho, na hapo nitakaa kidogo. Kwa hesabu ya kale ya Kihindi mwezi una sehemu 16, zinaitwa kala. Zinaongezeka, zinapungua, na usiku wa purnima zote zinakuwa zimetimia. Sisi tunasema uso wa mtu umekuwa kama mwezi wa 14, tukimaanisha uzuri. Wao purna ni kutimia, kutopungukiwa na kitu. Sasa sikiliza kisa kimoja kutoka Chandogya, mojawapo ya Upanishadi za kale, vitabu vyao vya mafunzo ya kiroho.

Kijana Satyakama anataka kusoma. Anamuuliza mama yake, Jabala, sisi ni ukoo gani, kwa sababu mwalimu ataniuliza. Mama anamwambia, mwanangu, sijui. Ujana wangu nilikuwa nahangaika huku na huku nikitumikia watu, nikakupata. Mimi ni Jabala, wewe ni Satyakama. Sema wewe ni Satyakama wa Jabala. Kijana anakwenda kwa Gautama, anaulizwa ukoo, anajibu neno kwa neno alivyoambiwa na mama yake. Mwalimu anasema, lete kuni, mwanangu, nitakupokea, hukuuacha ukweli. (Kuni ni ada ya kuingia. Mwanafunzi wa zamani alikuja na kuni mkononi kwa ajili ya moto wa mwalimu, kuonyesha kwamba amekuja kutumika.)

Kisha hamfundishi kitu. Anamkabidhi ng'ombe 400 waliokonda, achunge. Satyakama anaapa hatarudi mpaka wawe 1,000. Miaka inapita porini. Wanapotimia 1,000, dume la ng'ombe linasema naye, linamfundisha robo ya Brahman, ukweli wa mwisho. Jioni moto unamfundisha robo ya pili. Bata maji wa kuhama anamfundisha ya tatu, ndege mzamiaji ya nne. Kila robo ina sehemu nne. Jumla 16. Mwezi wake umejaa.

Anarudi. Mwalimu anamtazama usoni anamwambia, unang'aa kama mtu ajuaye, nani amekufundisha? Anajibu, si binadamu. Halafu anaongeza jambo ambalo ndilo kiini cha siku nzima uliyoiona hekaluni: lakini naomba wewe unifundishe, kwa kuwa nimesikia kwa watu kama wewe kwamba elimu inayopokewa kwa mwalimu ndiyo inayomfikisha mtu. Gautama akamfundisha mambo yale yale. Andiko linasisitiza kwamba hakikuachwa hata kimoja.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara najiuliza, alirudia nini basi, kama alikuwa ameshajua? Jibu langu, na hili ni langu, ni kwamba aliyejua peke yake bado hajamshukuru mtu. Maarifa yake ni kamili, lakini hayana mahali yalipotoka, kwa hiyo ni rahisi kuyaita yangu. Kuyasikia tena kwa mdomo wa mwalimu kulimvua hilo neno "yangu". Ndiyo maana Upanishadi nyingine, Mundaka, inasema anayetaka kujua aende na kuni mkononi kwa mwalimu aliyesikia maandiko na aliyesimama imara ndani ya Brahman. Sharti ni mawili. Msomi mtupu hafai, na mcha Mungu asiyesoma hafai pia.

Jambo moja la kuchekesha kuhusu huo mwezi: Pune sikuuona hata mara moja usiku wa Guru Purnima. Mawingu tele. Watu wanajua umejaa kwa sababu almanaka, panchanga, imesema hivyo. Nyinyi Mombasa mna bahati, mnauona, na mnaona na bamvua.

Nije kwenye swali gumu, kwa sababu naona unalizunguka kwa adabu. Je, wanamwabudu mtu?

Nitakujibu kama lilivyo, sitalipaka sukari. Baadhi yao ndiyo. Ule ubeti maarufu unaoimbwa siku hiyo unasema guru ni Brahma, guru ni Vishnu, guru ni Shiva, yaani miungu yao mikuu mitatu, na guru ndiye Brahman mkuu mwenyewe, ule ukweli wa mwisho. Wapo wanaouchukua kwa maana yake ya wazi, kwamba Mungu anawafikia kwa mwili wa mtu huyo. Wapo wanaosema guru ni dirisha, nuru si yake. Wapo wa Arya Samaj, chama cha mageuzi kilichoanzishwa mwaka 1875 na chenye watu wake hapa Afrika Mashariki, wanaoheshimu walimu lakini wanakataa kabisa kuabudu sanamu. Na Masikh, ambao ni dini nyingine lakini neno ni lile lile, tangu mwaka 1708 guru wao ni kitabu. Ukimuuliza tajiri wako yeye ni yupi, atakujibu kwa uhakika zaidi kuliko mimi.

Hata hivyo usije ukadhani mapokeo yao yanamwambia mtu ainame akiwa amefumba macho. Gita, andiko lao mashuhuri, inapotaja namna ya kumwendea mwalimu inataja vitu vitatu pamoja: kuinama, kuuliza maswali, na kutumika. Hilo la katikati halikuwekwa kwa bahati mbaya. Na katika Mahabharata, shujaa Bhishma akilazimishwa na mwalimu wake Parashurama kutenda jambo analoona si haki, anamsomea ubeti wa zamani usemao kwamba hata guru, akijivuna, akawa hajui lipi la kutenda lipi la kuacha, akaishika njia mbaya, basi anastahili kuachwa. Nakala nyingine zinasema kuadhibiwa. Kisha wakapigana siku nyingi, mwanafunzi na mwalimu. India ya leo imewafunga jela maguru wenye wafuasi wengi kwa makosa ya kuwadhuru wanawake, na ninaowafahamu wenye akili hawalionei haya kulisema.

Kuna pia, humo humo kwenye Mahabharata, Ekalavya, kijana wa watu wa msituni ambaye Drona, mwalimu wa silaha wa wana wa wafalme, alimkataa. Akajitengenezea sanamu ya udongo ya Drona, akajifunza upinde mbele yake mpaka akawashinda wana wa wafalme. Drona alipogundua akadai ada yake, dakshina: kidole gumba cha mkono wa kulia. Kijana akakikata akampa. Utasikia kisa hiki kikisimuliwa siku ya Guru Purnima kama kilele cha utii. Mimi kinanikera, na kinawakera Wahindu wengi pia, hasa waandishi kutoka jamii za tabaka la chini wanaouliza kwa nini anasifiwa aliyepoteza kidole badala ya kulaumiwa aliyekidai. Mlango wa elimu ya Veda ulifungiwa watu wengi kwa karne nyingi. Satyakama alipita kwa ukweli wake, Ekalavya hakupita kwa ustadi wake, na vitabu vimewahifadhi wote wawili.

Dakshina yenyewe, katika hali yake ya kawaida, wala si kitu kigeni kwako. Ni kilemba. Fundi seremala aliyemaliza kumfunza kijana kazi alipewa kilemba, kungwi alipewa chake, na aliyemaliza chuo alimpelekea maalimu wake. Hakuna aliyeona kwamba ameabudu.

Kuhusu kwenda au kutokwenda, hukumu ya dini yako kamuulize sheikh wako, mimi si mufti. Ninachoweza kukueleza ni yatakayotokea ukienda, ili umuulize swali lenye mipaka. Utavua viatu mlangoni. Hakuna mgeni anayelazimishwa kuinama wala kugusa miguu wala viatu. Kusimama nyuma umekunja mikono kunatosha, na salamu ya viganja viwili ni salamu tu, wanapeana hata barabarani. Taa ya arati ikizungushwa karibu yako, iache ipite. Yale maziwa na maji yaliyooshea paduka hukusanywa, yakagawiwa kijiko kidogo kidogo kwenye kiganja cha kulia, nao huyanywa. Hiyo na vitamu vinavyofuata vimetolewa sadaka kwanza, kwa hiyo kama hutaki, weka mkono kifuani na useme asante. Hawatakasirika, wamezoea kuishi na sisi.

Na usisubiri Julai. Muulize ile mitalawanda ni ya nani, jina lake, na alimfundisha nani mpaka ikamfikia yeye. Mimi sijapata kumuuliza Mhindu swali hilo akanijibu kwa sentensi moja, kwa hiyo tafuta siku ambayo hakuna lori la saruji linaloshusha.